Picha ya Kunyolewa

Carletonville, 6 Mei

Mwanangu Puseletso,

Hujambo? Bibi yako je? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha mgodi kila nikiinama. Wiki tatu nikikupigia anapokea yeye. Anasema simu umempa, shule umeacha, unashinda umejifunika blanketi. Msiba wa mama yako umetuchosha sote, najua. Lakini mtihani ni Oktoba. Una nini?

Baba yako

Mafeteng, 19 Mei

Ntate mpendwa,

Salamu. Sisi wazima, bibi anakohoa kidogo tu.

Si msiba peke yake. Ile picha yangu nimenyolewa, darasani wameifanya stika. Mtu akikosea jibu kwenye kundi la WhatsApp, wanamtumia kichwa changu. Wananiita Yai. “Yai, leo umechemka?” Hata wa shule nyingine wananijua. Nywele zimeshaota, lakini picha iko vilevile. Silali. Chakula hakipiti. Siku nyingine naomba nisiamke.

Mwanao

Carletonville, 27 Mei

Puseletso,

Sina hata nguvu ya kusalimia. Nitajie aliyeisambaza. Nitakwenda kwao, mzazi wake asikie.

Baba yako

Mafeteng, 14 Juni

Ntate,

Natumaini mgongo umepoa. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikutaka kujibu.

Ni wewe. Siku iliyofuata mazishi, mjomba alipomaliza kuninyoa nywele za msiba, uliniambia nikae vizuri, ukanipiga picha. Ukaiweka stetasi, watu waone mama kafanyiwa taratibu zote. Wanafunzi wakaichukua hapo. Mpaka leo ndiyo picha yako ya WhatsApp. Bibi akikupigia naiona. Wao wanaona yai. Mimi naona siku ambayo mama amelala kaburini usiku mmoja tu.

Mwanao

Carletonville, 23 Juni

Mwanangu,

Nimeitoa. Nimepita chumba kwa chumba hapa kambini nikiomba wenzangu waifute. Mmoja alikuwa akinitumia hiyo stika kila asubuhi, nami nacheka naye. Nilidhani ni namna yake ya kukusalimia. Nimeona aibu, mwanangu. Nisamehe.

Mnyapara amenipa siku nne. Ijumaa nakuja. Tutaanzia kliniki, kuna nesi anayezungumza na vijana. Shuleni nitakwenda mwenyewe. Mpaka nifike, lala chumba kimoja na bibi, nimeshamwomba. Usinisalimie kama hutaki. Nifungulie mlango tu.

Baba yako

Ijumaa, karatasi iliyobanwa mlangoni

Ntate,

Bibi yuko kanisani. Mlango sikuufunga, ugali uko jikoni, bado wa moto. Nimekwenda kuchota maji, narudi.

Mwanao