Mkasi Juu ya Meza

Mpendwa mshauri, niwie radhi kwa kimya cha miaka mitatu, tangu uliponikanya nisimchagulie mwanangu mchumba, nami nikanuna kwa sababu ulisema kweli. Leo naomba msaada wa mambo ya kazini. Mimi ni fundi mkataji katika karakana ya sare za shule, huu ni mwaka wa thelathini na moja, na shati nililolikata mimi halijapata kurudishwa hata moja, na tangu zamani desturi yetu ni kwamba tunaanza saa mbili asubuhi na haondoki mtu kabla sijaulaza mkasi wangu juu ya meza, nami huulaza saa kumi na mbili jioni, pengine saa moja. Sasa serikali imetoa sheria kwamba kazi ni saa nane kwa siku, anayetaka kuzidisha atie sahihi fomu kwa hiari yake, nami nilikwishashika kalamu, maana hakuna ofisi itakayonifundisha lini nimechoka, mara binti anayeshona kola, mwenye mtoto anayenyonya, akaniambia mbele ya watu:

"Babu, ukisaini wewe, sisi tutapitaje mlangoni?"

"Kwani nimewafunga kamba?"

"Kamba ni huo mkasi."

Wenzake wakacheka. Msimamizi naye akacheka, akasema, "Saini, mzee, hawa watafuata tu." Kicheko chake ndicho kilichonizuia. Fomu zinakusanywa Ijumaa. Nikishaamua nitakuandikia.

Mzee Mkasi

Mzee Mkasi,

Jivunie kazi yako. Mashati ya miaka thelathini na moja si mchezo. Lakini usijifanye huelewi. Hiari yako ni yako, ya yule binti umeikalia. Wewe sheria imekuuliza unataka nini. Yeye nani amemwuliza, jioni zote hizo akiutazama mkono wako huku maziwa yakimlowesha gauni?

Usisaini Ijumaa hii. Mnaanza saa mbili asubuhi. Saa kumi kamili laza mkasi, vaa koti, uwe wa kwanza kutoka. Fanya hivyo mwezi mzima. Siku watakapopita mlangoni bila kukutazama, hapo ukiitaka fomu, iombe, nayo itakuwa na sahihi ya mtu mmoja.

Wala usihofu kuonekana umechakaa. Fundi ambaye shati lake halirudi haongezewi heshima na giza.

Umeahidi kuandika ukishaamua. Andika, nami naahidi kujibu. Ila barua hiyo uiandikie nyumbani, saa kumi na moja, jua lingalipo.