Ngoma ya Ng'ambo ya Mto

Nekesa mjukuu wangu, huko kwenye baridi hujambo? Sisi hapa mtaani Pipeline tu wazima, ila babu yako bado anagombana na ngazi za ghorofa.

Unauliza kama barua pepe za matapeli zinazoingia ofisini kwenu hutoka kweli nchi ya rafiki yako Emeka, maana kompyuta inaonyesha hivyo, na kama uache kula naye.

Nilipokuwa msichana mtaani Mathare, ngoma ya kanisa ilituamsha kila alfajiri, na ilisikika wazi ikitoka ng'ambo ya mto. Asubuhi moja yenye ukungu mama alijifunga leso, tukateremka kwenda kuwagombeza watu wa huko. Darajani tukakutana na wanawake waliojifunga leso vilevile.

"Tunakuja kwenu," mmoja wao akatufokea. "Nyamazisheni hiyo ngoma!"

Sote tukageuka kusikiliza. Ngoma ikaendelea kulia ndani ya ukungu, bonde likiirusha huku na huku, kana kwamba inapigwa majini.

Umenieleza mwenyewe kwamba matapeli hupitishia barua zao kwenye kompyuta za watu wasiojua lolote. Labda nyingine zinaanzia hapa, chini ya ngazi za babu yako.

Mwite Emeka, mle pamoja. Yule mama aliyetufokea pale darajani ndiye aliyemzaa babu yako.

Ni mimi, shosho wako.