Sivuti, Dada

Tarehe 4 Februari
Miezi saba na siku tatu tangu niondoke

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na kile kiuno kimekubali kukaa kwenye cherehani bila ugomvi. Mimi ni mzima, isipokuwa jambo moja ambalo ndilo limenikalisha niandike. Ulisema habari za hospitali nikuandikie kwenye karatasi, kwa kuwa kwenye simu huwa nachekacheka halafu simu inakatika pale pale inapotakiwa isikatike. Basi karatasi ndiyo hii.

Juzi nilikwenda kupima ile damu ya kila miezi mitatu, kile kipimo cha kunusa kama saratani ya utumbo imeanza kurudi. Unakumbuka tulipomaliza dripu namba ilikuwa mbili. Mara ya mwisho ilikuwa mbili na nusu. Sasa ni sita nukta tatu, na mwisho wa kawaida ni tano.

Na nilijiandaa. Unajua sisi kabla mkaguzi hajaja kukagua sakafu, tunaosha vigae, tunakwangua saruji iliyochuruzika, na kigae kilicholegea tunakiwekea ndoo juu ili asikikanyage. Nami nilijiosha hivyo hivyo. Siku tatu nilikula mboga na kunywa maji mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimekuwa sungura. Nikaoga mara mbili. Nikavaa shati ulilonishonea. Damu haikujali shati.

Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko mimi, anaongea polepole kama anahesabu mishono. Aliniuliza maswali mengi, nikamjibu yote vizuri. Amesema namba moja haitoshi kusema kitu. Nirudi baada ya wiki sita tupime tena, ikipanda tutapiga picha ya mwili.

Wenzangu chumbani wameshajua, maana tunalala sita na ukuta ni wa mbao. Mchomeleaji wa vyuma, yule tunayemwita Cheche, amenishauri nisiogope, eti yeye namba yake ya viatu ni arobaini na tano na hajafa. Ndio watu ninaoishi nao.

Usimwambie mtu. Na usililie kwenye kitambaa cha mteja.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 15 Februari

Kwako Kitinda,

Marahaba. Mimi sijambo. Kiuno kipo, kinauma, kinakusalimu.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, kisha nikarudi kwenye cherehani kushona sare ya mtoto wa mwalimu. Jana mwalimu kaja nayo. Mikono yote miwili ni ya kushoto. Akaniuliza, "Fundi, mtoto wangu unamjua kweli?" Nikamwambia nina wageni, sijalala vizuri. Sina mgeni hata mmoja.

Sikumwambia mtu, ila nilimwambia muuguzi wa zahanati, na yule si mtu, ile ni kazi yake. Ameniambia namba hiyo hupandishwa na mambo mengi. Ugonjwa ukirudi inapanda. Ini likisumbua inapanda. Na mtu akivuta sigara inapanda pia, hata kama hana saratani yoyote.

Kitinda, siku ile unaondoka ulinipa pakiti yako ya mwisho pale stendi, ukaapa kwa kaburi la baba kwamba hutavuta tena. Nikaitupa pakiti mbele yako, nikakuamini. Sasa nakuuliza, na nimetulia kabisa. Unavuta?

Naomba uwe unavuta. Sijawahi kuomba kitu kama hiki. Jana nilipiga magoti, na badala ya kusema Mungu mwepushe mdogo wangu na maovu, nikasema Mungu wangu, jalia huyu mtoto awe mwongo. Nadhani hata huko juu waliangaliana.

Sema ukweli. Sitakasirika.

Dada yako


Tarehe 26 Februari

Kwako Dada,

Shikamoo. Mimi ni mzima, habari za siku. Kazi inaendelea, tumefika ghorofa ya tatu, upande wa vyoo.

Sivuti.

Msalimie muuguzi.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 8 Machi

Kwako Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeipata. Niliigeuza nione kama nyuma umeandika kitu kingine. Hukuandika.

Mtu mwingine angefurahi kwamba mdogo wake ameshika kiapo. Mimi nilifunga duka saa sita mchana. Kama huvuti, basi namba ni ya ugonjwa, na mimi si wa kudanganywa kwamba ini lako lina shida, ini ambalo halijaonja pombe tangu uzaliwe.

Nimeanza kujiandaa. Nimehamisha majora ya vitambaa kutoka chumba cha nyuma, nimekirudisha kile kitanda, nimenunua ndoo yenye mfuniko kama ya wakati ule wa dripu. Jirani ameuliza ndoo ya nini, nikasema ya unga. Akauliza unga gani huo mwingi kwa mtu mmoja, nikamwambia ashike adabu yake.

Jana nilikaa kwenye hicho kitanda. Mwaka jana nilikuwa nakunyanyua hapo kama furushi la nguo za mteja, mkono mmoja huku, mkono mmoja kule. Sikukuambia wakati ule, lakini kilichoniuma hakikuwa uzito. Kilichoniuma ni kwamba hukuwa na uzito. Nilikulea tangu una miaka minne, ukiwa mnene hata mgongo ulinigomea, na sasa mtu mzima unabebeka hivyo.

Ukirudi, rudi mzito. Uniangushe, sitalalamika.

Niandikie unapopima tena.

Dada yako


Tarehe 20 Machi

Kwako Dada,

Shikamoo. Kwanza kaa. Kama umekaa, toa mguu kwenye pedali.

Navuta.

Nilianza tena miezi miwili baada ya kufika huku. Sigara tatu kwa siku, nne siku ya kupandisha saruji. Ulipoandika sema ukweli sitakasirika, niliuona mtego. Nina miaka arobaini na moja lakini ile sukari sijaisahau. Uliniambia sema ukweli sitakuchapa. Nikasema. Dada, ulinichapa kijiko kikiwa bado mkononi mwangu.

Halafu ikaja barua ya kitanda. Niliisomea ghorofa ya tatu, nimekaa kwenye mfuko wa saruji. Nikasema leo hii namwandikia ukweli. Nikatafuta kalamu mfukoni, nikatoa sigara. Hivyo ndivyo nilivyo, nisikufiche.

Juzi nilikwenda kupima mara ya pili. Cheche alinisindikiza, akisema mgonjwa haendi peke yake, na pia alitaka kukwepa zamu. Damu walichukua asubuhi, jibu likatoka mchana. Sita nukta tisa. Daktari akaanza kuandika karatasi ya picha, kisha akafungua faili langu.

"Mara ya kwanza ulisema huvuti sigara. Bado huvuti?"

"Sivuti," nikasema.

Cheche akanitazama. Akamtazama daktari. "Samahani, daktari. Kama havuti, kiberiti changu huwa anakipeleka wapi kila siku?"

Nikamkanyaga. Amevaa buti za chuma, hakusikia kitu.

"Jana tu kavuta yangu," akaendelea. "Nikamwambia, Kitinda, wewe nunua za kwako."

Daktari akaweka kalamu chini. "Tangu lini?"

"Mwezi wa tisa."

"Kwa nini uliniambia huvuti?"

Nilitafuta uongo, Dada, nakuambia nilitafuta, haukuja hata mmoja. Nikamweleza jinsi tunavyofanya kazini. Mkaguzi akiuliza, unamjibu anachotaka kusikia. Anatia sahihi, anapanda gari, kazi inaendelea. Nikamwambia nimeweka vigae miaka kumi na nane, mdomo umeshazoea.

"Na hapa mimi ningetia sahihi wapi?"

"Sijui, daktari."

"Sakafu ikibomoka, mkaguzi yuko kwake," akasema. "Anapigiwa simu tu. Na hapa sakafu ni wewe."

"Umesikia, Sakafu?" Cheche akasema. Tangu juzi kambi nzima inaniita hivyo. Hata mpishi.

Daktari hakunifokea, ingekuwa afadhali. Alisema sigara inaweza kuipandisha namba mpaka hapo, na ugonjwa nao unaweza, na kwa muda wote huu nimemfanya asijue aanzie wapi. Picha lazima ipigwe. Niache kuvuta siku hiyo hiyo, na baada ya wiki sita nipime tena.

Nimeacha. Mara hii sikuapa kwa kaburi la mtu. Cheche alichukua kiberiti chake mfukoni mwangu pale pale mbele ya daktari, na kilikuwemo.

Nisamehe kwa barua ile ya neno moja. Najua ilikukalisha kwenye kitanda.

Mdogo wako,
Kitinda


Tarehe 31 Machi

Mwongo wewe,

Marahaba.

Nilipofika kwenye neno "Navuta" nilipiga vigelegele peke yangu dukani. Mteja aliyekuwa anapimwa akauliza nani anaolewa. Nikamwambia mdogo wangu anavuta sigara. Alichukua kitambaa chake, amesema atarudi kesho.

Kisha nikakumbuka kaburi la baba, nikakasirika mpaka jioni. Kisha nikarudi pale daktari aliposema ugonjwa nao unaweza. Furaha ikatoka, hasira ikabaki, na sasa sijui niiweke wapi, maana uko mbali.

Kuhusu sukari. Nilikuchapa kwa sababu ulikula sukari ya wiki nzima. Kwa kusema ukweli nilikusifu. Wewe ulikuwa unalia, hukusikia.

Mwambie Cheche nitamshonea suruali. Anitumie kipimo cha kiuno.

Sasa usiniandikie barua za kazi inaendelea na tumefika ghorofa fulani. Usiandike mpaka uwe na namba.

Dada yako


Tarehe 9 Mei

Kitinda,

Wiki sita zimepita na siku kumi juu yake. Nilisema usiandike mpaka uwe na namba. Sikusema usiandike.

Dada yako


Tarehe 21 Mei
Miezi kumi na siku ishirini tangu niondoke

Kwako Dada,

Shikamoo. Nipo. Naomba ukae tena, ingawa mara hii si lazima utoe mguu.

Nilichelewa kwa sababu mashine ya picha iliharibika wiki mbili. Namba niliipata mapema, ila daktari alinikataza kuishangilia kabla ya picha, nami nikajua nikikuandikia utashangilia mpaka wateja waishe. Nikanyamaza. Barua yako ya mistari miwili imenifikia jana, siku ile ile jibu la picha lilipotoka. Nimeisoma mara nyingi kuliko zote, na ndiyo fupi.

Namba imeshuka. Ni nne nukta moja. Picha imeangalia ini, mapafu na tumbo lote, na daktari hakuona kitu.

Nikamwuliza, "Kwa hiyo nimepona?"

"Sijasema hivyo. Nimesema sioni kitu, na namba imeshuka. Haijarudi pale ilipokuwa. Tutapima tena baada ya miezi mitatu."

"Basi nifurahi au nisifurahi?"

Alifikiri kweli kweli, Dada, kama mtu aliyeulizwa hesabu. "Furahi kiasi," akasema.

Niliporudi kambini wenzangu wakauliza furaha ya kiasi inafanywaje. Tulikaa nje tukajadili. Cheche akanunua soda moja, tukaigawana watu sita. Kila mtu alikubali kwamba hicho ndicho kiasi. Kiuno chake ni inchi thelathini na nane, lakini anasema uandike arobaini.

Sasa nikuambie mambo mawili ambayo hukuyauliza.

La kwanza, nimevuta mara moja. Tarehe 11 Aprili, nusu sigara, siku nyapara alipotubomolesha bafu zima kwa kigae kimoja. Nilimwambia daktari kabla hajaniuliza. Akaandika, akaniuliza nusu ya nyuma au ya mbele, nikamwambia ya mbele. Nadhani alikuwa anacheka lakini aliinamia karatasi. Tangu hapo sijavuta, nimetafuna penseli za kupimia mpaka sasa kila mtu anaficha yake.

La pili, naogopa. Nikiweka vigae sikumbuki, mikono inahesabu. Nikikaa kula ndiyo inakuja, hiyo miezi mitatu, inakaa mbele yangu kama mtu anayesubiri nimalize sahani. Hapa hakuna wa kuogopa naye. Cheche alijaribu siku moja kuogopa pamoja nami, alisinzia. Najua wewe umekuwa ukiogopa peke yako huko, mimi huku, kila mmoja anamwandikia mwenzake kwamba ni mzima.

Nikafikiri hivi. Kusubiri si kazi inayohitaji nyapara. Naweza kusubiri hapo kwako, nikikufungulia duka asubuhi na kukukatia nyuzi. Daktari amenipa karatasi za hospitali ya huko, damu watachukua hapo hapo, na safari hii nitakuwa na wewe siku ya jibu, iwe namba gani. Nyapara aliniuliza narudi kazini lini. Nikamwambia sijui. Alidhani namficha kitu, lakini kweli sijui.

Namaliza mabafu ya ghorofa ya tano, kisha napanda basi. Usije stendi, Dada, nakuomba. Utaninusa vidole mbele za watu, na mimi ni mtu mzima. Ningoje nyumbani, funga mlango, uninuse utakavyo. Nitashuka Jumamosi tarehe 7 Juni, saa nne asubuhi.

Mdogo wako,
Kitinda