Neno Lililomezwa na Tarumbeta

Baba Salma,

Salaam nyingi. Mama yako hajambo, ni goti tu linalomsumbua mvua zikikaribia. Salma naye hajambo, meno ya mbele yametoka mapya, makubwa kama yako, maskini mtoto wa kike. Mimi mzima wa mwili. Barua hii naitoa mbele za watu, ipite simu kwa simu, maana na neno lako lilisikika mbele za watu, na simu yako haiiti tena. Binamu yako aliye Mtwara anasema alizungumza nawe mara moja, simu ikakatika, ila sauti yako ilikuwa ya mtu aliyeshiba. Basi uko hai, alhamdulillahi. Sasa nijibu: ulikusudia kuniacha, au hukukusudia?

Unakumbuka tulivyokuwa tukitembea kwenye majumba ya Wareno hapa Mocímboa, kabla mji haujachomwa? Wenzio waliwapeleka wake zao kula kuku wa kuchoma. Weye, fundi mwashi, ulinipeleka kutazama kuta. Unagonga kwa kidole, unatega sikio. "Hii ya mawe ya bahari. Hii bloku tupu, wameipaka chokaa itudanganye." Nikakwambia, "Baba weye, hata ukuta unauumbua!" Ulicheka mpaka ukakaa chini, na mimi nikasimama na njaa yangu, nikikupenda.

Kuta ulizijua, maneno ndiyo yaliyokushinda. Siku ya ndoa ulitamka "nimekubali" kwa chini hata sheikh akakurudisha. "Sema, bwana harusi, mashahidi hawakuja kusoma midomo." Sisi wanawake ndani tulicheka, wanja ukanitiririka mashavuni, somo yangu akanifinya paja ninyamaze.

Kisha vita vikaja, tukapotezana njiani. Weye ukavuka Rovuma kuingia Tanzania, ukapata kazi ya meli, na meli ikakushusha New Orleans, Marekani. Mimi na mama yako na mtoto tulirudi watu waliporudi, tukaezeka turubai kile chumba kilichobakia. Na huko ulikokwenda, ajabu, ndiko ulimi wako ulikofunguka.

Kila ujumbe wako wa sauti niliufungulia uani, simu juu ya kinu tulichokipindua, wanawake wa bairro, mtaa wetu mzima, wamenizunguka na kazi zao mikononi. Hapa hakuna sinema. Sinema yetu ulikuwa weye. Tuliujua mji huo kuliko Pemba yetu hii ya Msumbiji. Tulizijua roshani zake za chuma zilizosukwa kama ukili. Ulituambia Wafaransa waliujenga, wakaupokea Wahispania, ukaungua wakaujenga upya, ukarudi kwa Wafaransa, kisha Wamarekani, na wakaazi wake hakuna aliyewauliza. Atija jirani akasema, "Mji huo mwanamke." Tukacheka wote. Siku hizi sicheki nikiikumbuka.

Ulituambia habari ya zile nyumba nyembamba ndefu, vyumba vimefuatana mstari mmoja, milango imetazamana. Ukasema wanaziita nyumba za bunduki, kwa sababu ukifyatua risasi mlango wa mbele inatokea wa nyuma bila kugusa ukuta. Weye ulikuwa unacheka. Uani kwetu hakucheka mtu. Mama yako ndiye aliyesema, "Huko wanapima nyumba kwa risasi? Zetu zishapimwa." Akaendelea kuchambua mchele.

Lakini chakula! Hapo tulipata raha. Ulieleza mchuzi wao wa gumbo, kwamba jina lenyewe ni bamia katika lugha ya watu waliotekwa huku Afrika, wakavushwa bahari, na Jumapili wakakusanyika uwanjani kupiga ngoma zao. Ukasema unaanza kwa kukaanga unga katika mafuta hadi uwe mweusi. Mama yako akaipigia simu kelele kana kwamba unamsikia: "Unga unaunguzwa makusudi? Hao hawajapata njaa!" Kesho yake tukajaribu, kwa bamia tulizolima wenyewe machamba na kamba wadogo wakavu. Unga uliungua kweli. Tukala hivyo hivyo, Salma akasema anakula chakula cha baba. Niliingia ndani nikalia.

Ukaja ule ujumbe wa maziko. Ilikuwa baada ya alasiri, uani pamejaa. Kwanza tukasikia ngoma na tarumbeta, kisha weye unapiga kelele juu yake: "Mama Salma, sikiliza, huku wanazika! Wakienda wanalia, wakirudi wanacheza njia nzima! Mimi nimezoea sasa, nishakuwa mtu wa huku. Weye nimekuacha..." Na hapo tarumbeta zikaingia. Tarumbeta, ngoma, watu wanacheka, ujumbe ukaisha.

Atija mkono wake ulibaki ndani ya ungo. "Rudisha," akasema. Na mimi mjinga nikarudisha. Nimekuacha, na tarumbeta. Nikarudisha tena. Wallahi, Baba Salma, nimeshazichukia tarumbeta kuliko bunduki.

"Nimekuacha na mama," alisema mama yako. "Ndivyo alivyotaka kusema. Mwanangu namjua, hawezi kuacha mke bila kugugumia kwanza." Atija akasema labda nimekuacha mbali. Mwingine, ambaye sitamtaja, akasema neno lilikuwa limeshakwisha, hapakuwa na la kuongeza. Magharibi haijaadhiniwa, katika bairro nishaachwa upande mmoja wa barabara, upande wa pili bado mke wa mtu.

Nilikwenda kwa sheikh na simu yangu. Alisikiliza ameinamisha kichwa, tarumbeta zinalia msikitini, astaghfirullah. Akaniambia, "Binti yangu, kuacha kuna milango miwili. Mtu huacha mke, na mtu huacha mke nyumbani akasafiri. Mwenye ufunguo ni aliyesema. Aulizwe." Nikamwambia hapokei. Akasema, "Subiri." Neno dogo hilo, Baba Salma. Hebu uje ulale nalo weye.

Maana hujui ninavyoishi. Dada yangu wa Mtwara amenipatia kazi ya kupika shuleni, na chumba chenye bati la kweli. Nilipomweleza baba yako mdogo Amade, akasema, "Mke wa mtu hasafiri bila ruhusa ya mumewe." Siku nyingine Salma ameumwa, nimekwenda kwa Amade kuomba anisaidie kumfikisha hospitali, mdomo ule ule ukaniambia, "Aliyeachwa ana kwao." Na akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba kama nimeachwa basi niondoke ninapotaka, ila mtoto atabaki kwa watu wa baba yake. Umesikia? Nikiwa mkeo sina ruhusa ya kutoka. Nikiwa si mkeo ninatoka bila Salma. Nikipaka msiro mweupe wa urembo usoni wananiuliza nampakia nani. Nisipopaka, wanasema ah, kumbe yuko edani.

Mama yako, Mungu amweke, anasema, "Nenda na mtoto, mimi ndiye niliyemzaa huyo baba, ruhusa ninayo." Lakini amekaa chini ya turubai alilolitoa Amade na anakula kwa mkono wa Amade, na mimi sitaki awe kizee cha kufukuzwa kwa ajili yangu. Basi tunakaa, wanawake wawili tunatazamana, kila mmoja anamhurumia mwenzake.

Nimekukasirikia. Hili nalisema wazi. Nakukasirikia ninapofua, ninapotwanga, ninaposwali, na katikati ya hasira nasikia kicheko chako kwenye ule ujumbe na natamani ungekuwa hapa ukagonga ukuta wetu kwa kidole. Sijui kama umepata mtu huko. Sijui kama simu imeibwa, au umefungwa, au unaogopa. Mwenye kukujua katika mji huo, akiisoma hii, akwambie hivi: fundi, umeacha ukuta nusu na watu wamo ndani.

Kama hukuniacha, sema, na useme na hili pamoja: "Nimekuruhusu Mtwara, weye na mwanangu." Kama umeniacha, sema pia. Nitalia, nitakaa eda yangu, nitaoga, na weye utamwambia Amade kwa kinywa chako kwamba Salma anakwenda na mimi. Hilo huwezi kuninyima, uliniona nilivyombeba porini siku ile weye umebeba mama yako. Simama pasipo ngoma. Sema kwa sauti.

Nakuaga hapa. Kila nikitaka kuandika mimi ni nani wako, mkono unakataa, maana sijui, na sheikh hajui, na bairro zima halijui. Basi naweka jina lile ambalo halimngoji mtu amalize kusema.

Mama yake Salma