Mgomba Uliozikwa Dabani

Busia, upande wa Kenya
9 Agosti 1965

Mama mpendwa,

Nakusalimu wewe na Baba Mdogo Matayo. Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Kwangu sote wazima, ila mdogo anaota meno na hataki kushikwa na mtu mwingine.

Mama, nina jambo na sijui nilianzie wapi. Jumamosi sisi akina mama wa kanisa tulikodi lori kwenda Tororo, kutembea tu. Mwalimu Rasto alisema tutaona soko, kisha atuonyeshe makaburi ya askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, tujifunze habari za vita. Soko, we acha! Wimbi limemwagwa kwenye mikeka, vitambaa vinapeperuka, akina mama wa Kiteso wanakuvuta mkono, "Onja, kuonja hulipi!" Mimi nikanunua chungu. Mwenzetu Felistus akanunua jogoo, akatupigia kelele safari nzima.

Makaburini tukamkuta mzee wa mguu mmoja anafagia, mkono mmoja ufagio, mwingine gongo. Mwalimu akamwomba atusimulie. Akasimulia Burma: mvua isiyokoma, matope, ruba wanaonyonya damu, wenzake waliobaki kule. Nikamuuliza, "Mzee, ulimjua Wandera wa Dabani? Ni baba yangu, alikufa huko."

Akavua kofia. Kisha akaniuliza kwa Kisamia chetu, "Mama yako bado anaanza kula samaki kwa kichwa?"

Nani amemwambia hayo? Kaburi la baba liko nyumbani, mimi mwenyewe nililipalilia Pasaka. Aliyelala pale ni nani? Nijibu upesi, usingizi umenikimbia.

Mwanao,
Syprose


Dabani
16 Agosti 1965

Syprose binti yangu,

Barua nimepata. Hatujambo, goti linauma lakini linatembea. Mtoto mshike tu, meno yatatoka.

Hayo mengine yaache. Baba yako amekufa. Wenzake walirudi wakasema walimwacha Burma. Mwili haukuja, na kwetu mtu haachwi hivihivi bila kulala nyumbani. Wazee wakakata mgomba, wakaufunga shuka, tukaulilia, tukauzika. Wewe ulikuwa kwa shangazi yako Majanji, hukuona. Kisha Matayo akanirithi, maana ni mdogo wake, na watoto nimezaa naye. Sasa unataka nifanye nini? Nimwambie mke si wake?

Na hata kama ni yeye, mtu aliyekwisha kuliliwa msiba hapiti langoni. Akipita, nyumba itazika mwingine. Unajua hayo.

Watu wengi wa zamani wanajua nilikuwa nakula samaki kwa kichwa. Huyo mzee amesikia mahali.

Mama yako,
Benedeta

Ana kovu chini ya kidevu? Basi, usinijibu.


Busia
30 Agosti 1965

Mama,

Naomba barua hii ikukute umekaa. Kama umesimama, kaa.

Kovu analo.

Nimerudi Tororo peke yangu. Alikuwa ameshamnunulia mtoto wangu karanga, kana kwamba alijua nitakuja. Mama, nilimgombeza mbele za watu! "Umekaa hapa miaka yote, mtu anafika Dabani kwa siku moja, na ukatuacha?" Akasema alikuja. Vita vilipokwisha alilazwa hospitali muda mrefu kwa ajili ya mguu, alipopona akaja moja kwa moja. Alifika mpaka nyuma ya ua, akaona msalaba wenye jina lake. Akakuona wewe unapura wimbi, mtoto mgongoni, na Matayo anapasua kuni huku anaimba. "Mlikuwa mmemaliza kunililia," akaniambia. "Ningeingia, ningemuua nani? Yule mtoto?" Akageuza gongo lake.

Sijui hata nimwite nani. Nikisema "Baba", namkosea Baba Mdogo aliyenilea. Nikisema "Mzee", analia. Nina hasira naye na namhurumia, vyote pamoja. Anataka kitu kimoja tu, aione nyumba kabla hajafa. Nimwambie nini?

Wako,
Syprose


Dabani
4 Oktoba 1965

Syprose,

Hujambo? Watoto je? Kama kuna mgonjwa utaniambia ukifika, maana nataka uje.

Barua yako ya Agosti niliipata. Nilimwambia Matayo. Hakula. Kisha akachukua panga akaenda nyuma ya nyumba, mimi nikadhani hasira. Kumbe anakata ua! Akafungua upenyo pale karibu na kaburi. "Langoni hapiti," akasema, "na hapa si langoni." Nikatuma neno Tororo kwa mkono wa wauza samaki, kwamba aje. Tangu hapo mbuzi wamepita kwenye upenyo huo, wamemaliza maharage yetu, na Matayo hakuuziba.

Leo asubuhi natoka na ufagio, namkuta Wandera amekaa juu ya kaburi, gongo magotini.

"Benedeta," akasema, "hapa mmemzika nani?"

"Mgomba."

"Wa matoke ama wa ndizi za kuiva?"

Syprose, nilicheka mpaka nikakaa chini, nikalia. Mjinga yule, hajabadilika hata kidogo!

Matayo akatoka. Wakatazamana. Matayo akaingia ndani, akaleta kiti chake mwenyewe, akamkalisha kaka yake, yeye akakaa chini.

Mchana nikawapelekea ugali na samaki wa Majanji. Wandera akavunja kichwa, akaniita. "Chako hiki." Matayo akashangaa. Miaka yote kichwa anakula yeye, ndiye mwenye nyumba, na mimi ndiye nampakulia.

"Sikujua unakipenda," akasema.

"Hukuniuliza," nikasema.

Nimekila nimesimama mlangoni, katikati yao, machozi yakiingia kwenye mchuzi.

Sasa jua linashuka. Kaburi liko pale na jina lake, na mwenyewe yuko barazani anavuta tumbako. Wote wawili wananitazama, wanangoja niseme. Nimetandika mkeka jikoni, nitalala huko peke yangu mpaka uje. Wazee wakiniuliza mimi ni mke wa nani, nisemeje? Njoo, mwanangu, kichwa changu kinazunguka.

Ni mimi mama yako. Hilo tu ndilo nina hakika nalo.

Benedeta