Nimempiga Pweza Busan

Mastura, uko macho? Shoga, nimefedheheka. Nimefedheheka mbele ya soko zima!

Si nilikwambia leo natembea Busan, mji wa pwani huku Korea, na wenzangu wa chuo? Asubuhi tulikuwa ufuoni, kisha tukala samaki wa kusaga kwenye vijiti kama mishikaki, pilipili mpaka makamasi. Raha tupu. Halafu tukaingia soko la samaki.

Pweza wako hai, Mastura. HAI! Wanatambaa kwenye mabeseni.

Basi mmoja akatoka kwenye beseni, akashika njia kama mtu anayekimbilia feri. Bibi muuzaji kampa mgongo. Wallahi sikufikiri. Nikamdaka nikampiga sakafuni. Pa! Pa! Pa! Vile mamangu anavyowapiga pale kwetu Likoni wawe laini kwa supu.

Soko lote likanigeukia.

Kumbe huku wanawataka hai hivyo hivyo, wanakula minyiri yao mirefu ikitingishika bado! Mie nimemuulia bibi wa watu biashara yake.

Nikainama, samahani, samahani. Bibi akamchukua yule pweza, akambinya. Akambinya tena: laini! Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanivisha aproni yake, akanipa wa pili.

WA PILI, Mastura! Mimi niliyeapa mbele yako kwamba nikitoka Likoni sishiki pweza tena!

Nimepiga mpaka bega linauma, na watu wananipiga video.

Mama akiiona mwambie si mimi. Ingawa hatakuamini. Mkono ule ni wake.