Sukari ya Kumpelekea Mama

Jumapili, Lurambi

Bado nina hasira na ndugu yangu Wycliffe. Tulipitia dukani kumnunulia Mama sukari, maana mtu haendi nyumbani Malinya mikono mitupu. Nikamwonyesha pakiti yenye alama kwamba mkulima wa miwa alilipwa bei ya haki. Yeye akachukua ile ya bei rahisi kutoka ng'ambo.

"Sukari ni sukari, dada. Hiyo alama utaikoroga kwa chai?"

Sukari ni sukari! Na miwa ya Mama, iliyotusomesha sisi wawili, inakauka shambani kwa kukosa mnunuzi wa bei ya maana. Kama watoto wa mkulima wananunuanga hivyo, basi huyo wa mjini asiyewahi kushika jembe...

Mama aliipokea pakiti kwa mikono miwili, akatumiminia chai, kisha akauliza sukari imetoka wapi. Wycliffe akamwambia ni ya ng'ambo.

"Asante, mwanangu. Angalau huko kuna mkulima aliyelipwa jasho lake."

Nikamtazama Wycliffe, nikingoja amwambie kama ana hakika mkulima huyo alilipwa. Akainama, akaendelea kukoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani.